Mtoto Aliyeuzwa Akawa Tabibu wa Karema



Leo nataka kuwaulizeni swali moja, nanyi mlijibu nyumbani baada ya chakula cha jioni, baba, mama na watoto pamoja. Swali lenyewe ni hili: Nani aliyeleta dini katika ufuko wa Ziwa Tanganyika? Najua wengi watajibu upesi: "Mapadre Weupe!" Nao watakuwa wamesema kweli, lakini nusu tu. Nusu ya pili twaisahau, na kwa kuisahau twapata hasara, maana ndiyo nusu inayotuhusu sisi watu wa vijijini, tusiovaa kanzu ya padre wala shela ya sista.

Ujiji, Januari 1879

Tuanze na ile nusu inayojulikana. Mwaka 1868 Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa mji wa Algiers, Afrika ya Kaskazini, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika. Kwa sababu ya kanzu zao watu waliwaita Mapadre Weupe. Miaka 10 baadaye aliwatuma wa kwanza kuja kwenye Maziwa Makuu. Walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, kwa miguu, pamoja na mamia ya wapagazi. Padre Pascal, aliyewekwa kuwa mkubwa wa wale wa Tanganyika, hakuliona ziwa. Alikufa njiani mwezi wa Agosti mwaka uleule. Wenzake walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakashika njia ya kaskazini kwenda Uganda, wengine wakaja magharibi. Mwezi wa Januari 1879 wakaingia Ujiji.

Ujiji siku zile ulikuwa mji mkubwa wa soko. Ndipo mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Hapo paliletwa chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki, nguo, shanga na pembe za ndovu. Tena, ndugu zangu, waliletwa watu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara ile iliendelea. Watu waliokamatwa ng'ambo, upande wa Kongo, walivushwa kwa mitumbwi, wakashushwa katika ufuko huu huu tunaoanikia dagaa leo, wakapangwa misafara ya kwenda mashariki. Na watoto walikuwa miongoni mwao.

Msinielewe vibaya, nikadhaniwa nawanyoshea kidole jirani zetu. Wauzaji walikuwa watu wa pwani na watu wa bara, na baadhi ya machifu wa nchi walishiriki pia. Mataifa ya Kikristo ya Ulaya na Marekani nayo yaliuza watu baharini kwa karne nyingi. Kilichouza watoto ni tamaa, na tamaa haina dini wala kabila.

Fundisho la Rumonge

Mapadre walipoona watoto wakiuzwa, walifanya kile walichoweza: waliwanunua, wakawaacha huru, wakawalea na kuwafundisha katika misioni. Kitendo hicho kilikuwa na huruma, lakini kilikuwa na hatari yake. Majirani wa misioni waliona tu wageni wanaokusanya watoto, nao hawakujua mwisho wake utakuwa nini. Je, wewe usingeshuku?

Mwaka uleule wa 1879 Mapadre walifungua misioni Rumonge, ufukoni upande wa Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 ukazuka ugomvi, na chanzo chake kilikuwa mtoto mmoja aliyekombolewa. Wakauawa Padre Deniaud, Padre Augier, na mlei mmoja Mbelgiji aliyeitwa d'Hoop. Misioni ikaachwa. Damu ilimwagika kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hata jina lake hatulitaji tunaposimulia habari hii.

Nafikiri fundisho la Rumonge ni hili. Dini haiwezi kuota mizizi katika nchi kwa njia ya kununua watoto, hata kama wanaonunua wana nia safi. Inahitaji watu wanaokaa na wenyeji, wanaoaminiwa, wenye nyumba na mke na shamba kama jirani zao, wanaolia msibani pamoja nao. Lavigerie mwenyewe alikuwa na wazo hilo. Aliona kwamba Waafrika watapata imani hasa kutoka kwa Waafrika wenzao. Basi akachagua vijana miongoni mwa waliokombolewa, wakasomeshwa udaktari, ili waje barani kutibu na kufundisha dini, huku wakiishi kama raia wengine wa kijiji.

Habari za Adriano Atiman

Mmoja wa vijana hao aliitwa Adriano Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto bado aliibiwa kwao, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria Mapadre Weupe walimnunua, wakamwacha huru. Alisomeshwa, akapata ubatizo, kisha akapelekwa kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediteranea, kujifunza utabibu. Masomo hayo yalikwisha mwaka 1888.

Hapo, msomaji mpenzi, hebu simama kidogo umtazame kijana huyu. Ana umri wa miaka 22 hivi. Ana elimu ambayo katika siku zile Waafrika wachache sana walikuwa nayo. Ameteswa tangu utoto, na kama angesema, "Yatosha, sasa nipumzike," nani angemlaumu? Walakini alipanda meli kuja Unguja, akatembea kutoka pwani mpaka bara, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini ya Ujiji katika ufuko huu huu wa mashariki.

Karema ilikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Nyakati zilikuwa za hofu. Wawindaji wa watumwa walikuwa bado wanazunguka ziwa. Ng'ambo, upande wa Kongo, mlei mwingine, Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa, alivilinda vijiji kwa silaha, akaoa huko, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1927. Joubert alishika bunduki. Atiman alishika dawa.

Akaoa mwenyeji, jina lake Agnes. Mwana wao Joseph alipata daraja takatifu la upadre mwaka 1923. Tazameni jambo hilo: baba aliuzwa sokoni kama mbuzi, na mwana akasimama altareni kutoa sadaka ya Misa. Kati ya soko lile na altare ile haikupita hata miaka 50.

Atiman alikaa Karema miaka 67. Alifika watu wakisafiri kwa misafara ya miguu. Ikaja serikali ya Wajerumani. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakashika nchi. Watawala walipita, yeye akabaki na wagonjwa wake. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alitunukiwa nishani kwa kazi yake. Akafa Karema mwezi wa Aprili 1956, miaka 5 kabla ya Uhuru. Karema ipo mpaka leo, katika Mkoa wa Katavi na Jimbo la Mpanda, nayo imepata bandari mpya. Msomaji ukipita huko, mwombee na umkumbuke.

Basi hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu. Dini haikuletwa na mapadre peke yao. Ililetwa pia na mtu mwenye mke na mtoto, aliyeamshwa usiku kwenda kumtazama mgonjwa, na asubuhi akawafundisha wakatekumeni. Na tusisahau kwamba kwa mpango wa Lavigerie ukatekumeni ulikuwa wa miaka 4! Si kazi ya siku moja, na padre mmoja hawezi kuwafuata watu wote nyumba kwa nyumba kwa miaka 4. Walioifanya hasa ni walimu wa dini wa vijijini, wengi wao bila jina katika vitabu.

Je, mwalimu wako wa dini anakula nini?

Sasa tutoke Karema ya zamani tuje kwako. Katika vigango vingi padre hufika mara chache kwa mwezi, pengine mara moja tu. Jumapili nyingine nani anaongoza ibada? Katekista. Nani anawaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza? Katekista. Mtu akifa siku ya kazi na padre yuko mbali, nani anasimama kaburini? Ni yeye yule. Kisha jioni anashika jembe lake, maana watoto wake nao wanataka kula.

Kanisa linaijua heshima ya kazi hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwasifu makatekista katika hati yake juu ya misioni, na kusema wapewe riziki inayostahili. Mwezi wa Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua iitwayo Antiquum ministerium, akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, ambayo askofu anaweza kumpa mlei kwa ibada maalumu. Ni habari njema. Lakini barua ya Roma hailimi muhogo. Kulima ni kazi yetu.

Twapenda kusema, "Katekista wetu ni hodari, Mungu atamlipa." Ndiyo, Mungu atamlipa, lakini Mungu hutumia mikono. Jumuiya yenye nyumba 12 ikitoa asubuhi moja tu kulima shamba la katekista wakati wa masika, shamba litakwisha kabla jua halijawa kali. Ninyi wavuvi mnajua kwamba usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi vizuri, nanyi mnakaa pwani mkitengeneza nyavu. Siku hizo zinatosha kumwezekea mwalimu paa linalovuja. Tusipofanya hivyo, kijana mwenye akili atamtazama katekista mzee na nguo yake yenye viraka, atasema moyoni, "Mimi siitaki kazi hii." Hapo imani ya kijiji itabaki na nani?

Watoto bado wanachukuliwa

Lakini liko jambo linalonisumbua zaidi, nami nataka wazazi walisikilize vizuri. Tumezoea kusema biashara ya watumwa ilikwisha zamani. Ya minyororo ilikwisha. Ya maneno matamu ipo. Mambo huenda hivi: mama yuko jikoni, anapepeta mchele. Anakuja mwanamke aliyevaa vizuri, anajulikana kidogo tu, pengine alisoma na mdogo wa mama huyo.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Wanaongea ya mvua na ya bei ya mawese. Kisha mgeni anamtazama binti. "Mama, huyu amemaliza darasa la saba, anakaa bure? Nipe niende naye mjini. Iko nyumba nzuri, atasaidia kazi ndogo ndogo, mshahara kila mwezi, na baadaye watamsomesha cherehani. Nauli naitoa mimi."

Mama anafikiri madeni ya dukani. Anafikiri wadogo wake wanne. Kesho yake binti amepanda basi. Miezi miwili simu inaita, mwezi wa tatu haipatikani. Mshahara haukuja. Cherehani haikuonekana. Binti anaamka saa kumi usiku na kulala saa sita, na mlango umefungwa kwa nje. Na vijana wa kiume nao huchukuliwa hivyo hivyo, kwenda mashamba ya mbali au kambi za uvuvi, kwa ahadi ya fedha ambayo mwisho wa msimu haionekani.

Huyo binti yuko tofauti gani na mtoto aliyeuzwa Ujiji? Zamani walitumia kamba, siku hizi wanatumia ahadi. Na tofauti nyingine inauma zaidi: zamani mtoto aliibiwa usiku mama akilia, siku hizi mama mwenyewe anamfungia mzigo.

Sisemi kwamba kila kazi ya mjini ni utumwa. La hasha! Wako mabwana na mabibi wema, na wako vijana wengi waliojenga nyumba za wazazi kwa kazi ya halali. Nasema tu kwamba mzazi Mkristo hana budi kuuliza kabla ya kukubali. Huyu ni nani? Nyumba iko mtaa gani? Bwana wa nyumba ni nani, na simu yake ni ipi? Mshahara ni kiasi gani, tena utapitia mkononi mwa nani? Mwambie mtendaji wa kijiji, waambie jumuiya. Mtu mwema hataogopa maswali hayo. Mwenye hila atakumbuka ghafula kwamba basi linamwacha.

Sheria pia iko upande wako. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina sheria ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Najua daftari, sare na michango bado ni mzigo kwa maskini. Hapo tena jumuiya ina kazi. Kama tumeweza kuchanga kwa ajili ya jubilei ya padre, tutashindwa kununua viatu vya mtoto mmoja yatima?

Kila mwaka tarehe 8 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan, ambaye naye aliuzwa akiwa mtoto, akawa sista, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Siku hiyo Kanisa lote linaombea wanaouzwa na kusafirishwa kwa hila. Bakhita na Atiman walikuwa karibu rika moja. Siku hiyo ifanyeni kubwa katika kigango chenu, na baada ya sala muwaite wazazi mzungumze jambo hili bila kuoneana haya.

Wageni wa ufukoni

Neno la mwisho ni juu ya wanaofika kwetu kwa maji. Ziwa letu limeleta watu mara nyingi. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, tena mwaka 1993, na Wakongo mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mwezi wa Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijaa katika ufuko wa kijiji cha Kagunga, kaskazini ya Kigoma, mahali penye mlima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Meli yetu ya zamani, Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawachukua kwenda Kigoma, safari baada ya safari.

Ninyi wa Kigoma, Kasulu na Kibondo mnajua mzigo wa jambo hilo kuliko mtu yeyote: kuni zilizokwisha, mashamba yaliyoharibiwa, wasiwasi wa usiku. Sitawahubirieni kana kwamba mzigo huo haupo. Lakini Bwana wetu alitueleza mapema mtihani wa siku ya mwisho utakuwa juu ya nini, na mgeni yumo katika maswali hayo. Angalia basi ulimi wako. Ukimwita mtu kwa jina la dharau kwa sababu alifika na mtumbwi, kumbuka kwamba Atiman naye alikuwa mgeni Karema. Hakuwa Mbende wala Mha. Alitoka mbali kuliko Mrundi au Mkongo yeyote. Kama wenyeji wangemfukuza, wangekosa tabibu kwa miaka 67. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Karema methali hiyo ilitimia hasa.

Baba, mama, nanyi vijana, hakuna anayewatakeni kwenda Sahara wala kusomea utabibu Malta. Juma hili mwulizeni katekista wenu shamba lake liko wapi. Mtembeleeni mgonjwa mmoja mkiwa na uji mkononi, ndipo msali naye. Na mtoto aliyechukuliwa kijijini kwenu mwaka jana, ambaye simu yake haipatikani, msiache jina lake lipotee kama lilivyopotea jina la yule mtoto wa Rumonge. Litajeni katika sala za jumuiya, kisha mwendeni kwa mtendaji mkaseme: huyu ni wetu, tunamtafuta.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Mama wa Afrika, awalinde watoto wenu.